Nywele zetu hatuzichukii, hatujawahi kuzijua

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye sendofu ya mtoto wa shangazi huko Kimara, mdogo wake bibi harusi akatokea na nywele zake mwenyewe, kaziosha, kazitia mafuta, kazichana zikasimama duara kichwani, basi. Gauni zuri, hereni kubwa, kapendeza. Mama mkubwa wetu mmoja akamvuta pembeni akamwambia kwa sauti ya chini, tena kwa huruma kabisa, "Mwanangu, hela ya saluni ilikosekana? Si ungeniambia mapema." Binti akacheka, akasema hapana mama mkubwa, nimependa tu hivi. Muda wa kutoa zawadi ulipofika nikamwona kajifunga kilemba. Alikiazima kwa nani sijui, maana hakikuendana hata na gauni.

Hiyo "si ungeniambia mapema" imenikaa mpaka leo. Mama mkubwa ni mtu mwema sana, nywele zake ni kipilipili kama zetu wote, hajawahi kufanya kazi kwa mzungu wala kuishi jirani na mzungu, na kwenye alichosema hakukuwa na dharau hata kidogo. Yeye alimwona msichana ambaye hajamaliza kujiandaa. Kwake nywele zikiachwa kama zilivyoota ni sawa na nguo ambayo haijapigwa pasi, hutoki nayo mbele za watu.

Sasa ukiingia mitandaoni hii ishu inabishaniwa kila siku na siku zote kuna kambi mbili. Wa kwanza wanasema mwanamke mweusi anayetia dawa ya kunyoosha nywele au kuvaa wigi anajichukia, katawaliwa akili, anataka kufanana na wazungu. Wa pili wanajibu kichwa changu, hela yangu, kwani mnaninunulia dawa nyie? Mi nimekaa kambi zote mbili, nilitia dawa miaka 13 na sasa huu mwaka wa 6 sijatia, na kadiri ninavyowasikiliza naona kila upande una hoja nzito ila wote wanaruka jambo moja ambalo kwa hapa kwetu Tanzania ndo kubwa kuliko yote. Ntalifikia.

Tuanze na hao wa kwanza maana hoja yao ina mizizi. Kiswahili chenyewe kinawaunga mkono. Tuna neno singa, nywele za singa, zile laini ndefu zinazolala, na tangu enzi za mabibi zetu mwanamke akisifiwa atasifiwa kwa singa. Upande wa pili kuna kipilipili, zimefananishwa na punje za pilipili, na mimi binafsi sijawahi kusikia mtu anaimbiwa wimbo wa mapenzi kwa ajili ya kipilipili chake. Tunasema "ana nywele nzuri" tukimaanisha zinateleza, na zetu tunaziita ngumu, kama vile zimefanya ukaidi. Mtoto akizaliwa watu wanachungulia nywele kabla hata hawajauliza kilo ngapi, "huyu kachukua za baba yake jamani". Akipatikana mwenye nywele za kulala basi tunamtafutia asili ya mbali, ana Uarabu huyu, ana Usomali huyu, kama vile haiwezekani zikaota tu kwenye kichwa cha Mgogo au Mzaramo. Mtoto anayakuta haya maneno nyumbani kabla hajaonyeshwa picha ya mzungu hata moja.

Na kwa ndugu zetu Marekani ndo kabisa, huko nywele ziliwekewa hadi amri ya serikali. Louisiana mwaka 1786, ikiwa chini ya Hispania, gavana Esteban Miró aliamuru wanawake weusi wafunike nywele zao kwa kitambaa, kwa sababu walikuwa wanazipamba na wakawa wanavutia macho ya watu kuliko ilivyotakiwa. Wakavifunga hivyo vitambaa kwa madaha mpaka vyenyewe vikawa urembo. Miaka zaidi ya 230 baadae, 2019, ndo California inakuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya CROWN Act inayokataza kumbagua mtu kazini au shuleni kwa sababu ya nywele za asili, za kusuka au dredi. Ya nchi nzima ilipita Baraza la Wawakilishi Machi 2022 ikakwama Seneti. Na usidhani umaarufu unakuokoa, Lupita Nyong'o alishapata Oscar yake 2014 na nywele fupi za asili dunia nzima ikaona, ila Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza likamtoa kwenye kava na nywele zake zilizofungwa kwa nyuma zimefutwa kwenye kompyuta. Akalalamika hadharani, mpiga picha akaomba radhi. Kwahiyo wanaosema kuna kitu kimejengwa makusudi dhidi ya hizi nywele hawajatunga.

Alafu kuna upande wa afya, na hapa niombe tusome taratibu kwa sababu watu huwa wanatishana. Dawa nyingi za nywele zina sodiamu haidroksaidi, ndo hiyo hiyo kostiki soda wanayotengenezea sabuni, na zile zinazouzwa kama laini zaidi zina kemikali nyingine ila kazi ni ile ile, kuvunja vile vifungo vya ndani ya unywele vinavyoufanya ujikunje. Ndo maana inaunguza. Mara yangu ya kwanza kutia ilikuwa wiki ya pili baada ya kumaliza fomu foo, nywele zenyewe zilikuwa hazijafika hata nusu kidole, na dada wa saluni akaona natoa machozi akaniambia vumilia mdogo wangu, ukitaka uzuri sharti udhurike. Niliondoka na vidonda viwili nyuma ya sikio, na nilikuwa na furaha, nakumbuka kabisa nilikuwa na furaha.

Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za taifa za afya Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waligundulika 378 wenye kansa ya mji wa mimba. Kwa mahesabu yao, mwanamke ambaye hakuwahi kutumia dawa za kunyoosha nywele uwezekano wa kuugua hiyo kansa mpaka anafika miaka 70 ni asilimia 1.64, na anayetumia sana, yaani zaidi ya mara 4 kwa mwaka, ni asilimia 4.05. Ni zaidi ya mara mbili, si jambo la kupuuza. Ila huohuo utafiti haukuuliza ni dawa za kampuni gani wala zina viungo gani, na asilimia 4 bado maana yake ni kwamba wengi sana hawataugua, kwahiyo anayeposti kwamba dawa ni kansa moja kwa moja anawatisha watu kuliko ushahidi unavyosema. Mi niliacha kabla hata hayo matokeo hayajatoka. Niliacha kwa sababu nywele za pembeni zilikuwa zimekwisha.

Haya, sasa hao wa pili nao wasikilizwe, na mimi nakiri kwa muda mrefu sikuwasikiliza.

Hapa kwetu tulishawahi kuwaamuru wanawake wawe na muonekano wa asili. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969 marufuku sketi fupi, marufuku wigi, marufuku krimu za kujichubua, marufuku suruali za kubana. Kwa jina la utamaduni wa taifa. Ukiangalia hiyo orodha, mengi ni ya mwili wa mwanamke, na wanaume waliokuwa wanasimamia amri walivaa mashati na suruali za kushonwa kizungu na hilo halikuonekana kuharibu utamaduni wa mtu. Ndo maana mwanamke akisikia mwanaume anaandika "vueni mawigi mrudi kwenye Uafrika wenu" anakuwa mkali, anasikia sauti ileile ya kumpangia. Hata bajeti ya 2019/20 ilipokuja, Waziri wa Fedha wakati ule, Philip Mpango, akaweka ushuru wa asilimia 25 kwenye nywele bandia zinazotoka nje na asilimia 10 zinazotengenezwa ndani, kuna watu walishangilia eti sasa tutawaona wanawake wetu walivyo. Aliyeumia pale ni dada wa genge anayetoka Mbagala saa 11 alfajiri kuwahi mzigo, yeye anasuka rasta kwa sababu zinakaa wiki 4 hajashika kichwa, wala hakuwa na mpango wa kufanana na mtu wa Ulaya.

Na suala la muda na hela tuliongee kwa uwazi maana sisi wenye nywele za asili huwa tunalificha. Tunasema ni rahisi, ni bure, ni zako tu. Sio kweli. Jumamosi yangu ya kuosha nywele inaanza saa 3 asubuhi na nikimaliza mapema ni saa 8 mchana. Zinataka maji mengi, na mimi nakaa sehemu ambayo maji yanatoka kwa mgao, wiki nyingine nanunua madumu, kwahiyo kuna siku nachagua kati ya kufua na kuosha nywele. Kondishena nzuri haishuki elfu 20. Mwenye watoto watatu na kazi ya kusimama kutwa ukimwambia aache dawa apende nywele zake, unampa kazi nyingine juu ya alizonazo alafu unaiita uhuru. Kuna na wale wanaovaa wigi juu ya nywele zao za asili zilizosukwa vizuri chini, jioni anavua anapaka mafuta analala, huyo utamwambiaje anajichukia wakati za kwake zina afya kuliko za kwangu?

Kazini nako. Vile vitabu vya taratibu vinasema tu nywele ziwe nadhifu, havisemi ziwe za dawa, ila kila mtu wa mapokezi anajua nadhifu maana yake nini. Niliwahi kwenda kwenye usaili na afro, nikaulizwa maswali yote vizuri, mwisho mama mmoja wa kwenye jopo akaniambia ukipata hii nafasi utazitengeneza lakini, eti?

Hilo neno kutengeneza ndo nataka tulitazame. "Leo hujatengeneza nywele?" Redio inatengenezwa, paa linalovuja linatengenezwa. Tunalisema kila siku bila kulisikia. Na yule mama wa kwenye jopo alikuwa mweusi, na bosi wake mweusi, na wateja wao weusi. Kwa mwenzetu wa Marekani kuna mwajiri wa rangi nyingine unaweza kumpeleka mahakamani, kuna sheria unaweza kuisimamia. Hapa anayekwambia uzitengeneze ni mama mkubwa. Ni shangazi, ni mchumba, ni shoga yako wa damu. Utamshtaki nani?

Ndo maana ile hoja ya "unataka kuwa mzungu" kwa hapa naona inapiga pembeni. Chukua Pwani. Tanga nina ndugu ambao tangu wavunje ungo hakuna mwanaume wa nje aliyeona nywele zao, ushungi kila wanapotoka, na bado dawa wanatia kila baada ya miezi 2. Wanamtilia nani? Hakuna mzungu chini ya ushungi. Wanatia kwa sababu siku ya shughuli, ndani kwa wanawake watupu, ushungi ukivuliwa kila mtu anataka aonekane ametengeneza. Bibi yangu aliyefia hukohuko Tanga hakuwahi kutia dawa maisha yake yote, alikuwa anazifunga kwa uzi mweusi usiku mzima asubuhi zinafunguka zimenyooka, anatia mafuta ya nazi aliyochuja mwenyewe, siku za shughuli anatia na vikuba vya asumini. Zilimfika mabegani. Hakuna aliyemwambia bibi ajiamini na nywele zake, angeshangaa hata swali lenyewe. Alizijua tu, kama alivyojua unga wake wa maandazi unataka maji kiasi gani.

Kati ya bibi na mimi kuna nini kilitokea? Hapa ndo naona jibu ni shule.

Hesabu mwenyewe. Darasa la 1 mpaka la 7, miaka 7. Kidato cha 1 mpaka cha 4, miaka 4. Shule nyingi za serikali msichana ananyolewa muda wote huo, kwahiyo miaka 11, na akiendelea fomu faivu na siksi inakuwa 13. Yaani ule umri wote ambao bibi alikaa katikati ya magoti ya mama yake akichanwa na kusukwa na kujifunza, mimi nilikuwa kipara. Nilipofika miaka 17 nilijua kutafuta kipeo cha pili cha namba na sikujua nywele zangu zikifika inchi 4 zinaonekanaje. Sikujua zina rangi ya kahawia kwenye ncha jua likipiga. Zilipoota kidogo tu nikaenda saluni, na mwaka ule sikumbuki mwenzetu hata mmoja darasani aliyekaa nazo, wote tulitoka kipara tukaingia kwenye dawa. Katikati hapakuwa na hatua yoyote. Huwezi kusema nilizichukia nywele zangu, nilikuwa sijakutana nazo.

Wanaotetea kunyoa wana hoja na sitaki kuzifanya nyepesi. Bwenini mabinti 60, bomba moja, mapunye yakianza kwa mmoja wiki ijayo wako 20. Mzazi wa kijijini hana elfu 5 ya kumlipa msusi kila wiki mbili. Na wote wakinyoa, mtoto wa mwenye gari na mtoto wa mpiga debe wanafanana, hilo nimeliona kwa macho yangu na lilikuwa jema. Isitoshe kunyoa sio aibu kwenye mila zetu, mtoto wa Kiislamu ananyolewa akika yake siku ya 7, wanawake wa Kimasai wananyoa wakapendeza na shanga zao. Kipara peke yake hakimvunji mtu moyo.

Kinachovunja ni maelezo yanayokuja na mkasi. Tulikuwa na mwenzetu mmoja wa asili ya Kihindi, yeye aliruhusiwa kufunga nywele zake mkia. Tulipouliza tukajibiwa na mwalimu wetu, "za kwake hazisumbui." Basi. Hakutukana mtu. Lakini hilo jibu lilifundisha kuliko kipindi chochote cha uraia, maana sababu za usafi na usawa na chawa zote zilikufa pale, ikabaki moja tu, za kwetu ndo zinasumbua. Nimehadithiana na wenzangu waliosoma Uganda na Kenya, wananiambia hayohayo. Afrika Kusini mwaka 2016 wasichana weusi wa Pretoria High School for Girls waliandamana kabisa kwa sababu walikuwa wanaambiwa afro zao si nadhifu. Kenya, Septemba 2019, Mahakama Kuu iliamua kwamba kumkataza shule mwanafunzi wa imani ya Kirastafari kwa ajili ya dredi zake ni kuvunja haki zake, na Malawi nayo Mei 2023 ikafikia uamuzi kama huo kwa watoto wa Kirasta. Ni hatua, ila angalia, wote hao wa mahakamani walishinda kwa sababu ya dini. Msichana wa kawaida ambaye hana imani yoyote kuhusu nywele, anataka tu zikue, bado hana pa kusimamia.

Ndo sababu wanawake wengi wakijaribu nywele za asili ukubwani wanasema "zilinishinda". Hilo neno nimelisikia sana na naliamini. Zinawashinda kweli, kwa sababu wanazichana kavu. Wanachukua kitana chembamba wanaanzia kwenye ngozi kwenda juu, zinakatika, zinauma, wanasema si unaona, ngumu. Hakuna aliyewaambia zichanwe zikiwa na maji na mafuta, kwa vidole au chanuo pana, ukianzia kwenye ncha unashuka kwenye shina. Unywele wetu ukiukata ukautazama kwa darubini haujawa duara, umebonyea kama yai, ndo unajikunja, na kwa kuwa umejikunja yale mafuta yanayotoka kwenye ngozi hayawezi kuteremka mpaka kwenye ncha kama yanavyoteremka kwenye unywele ulionyooka. Kwahiyo ncha inakauka lazima uitie wewe. Na zikikauka maji zinarudi, zinaonekana nusu ya urefu wake au chini ya hapo, mtu anakaa mwaka mzima anadhani hazikui, kumbe zinakua kila mwezi. Mambo haya ni madogo tu, mtoto wa miaka 8 anayaelewa akifundishwa.

Na sisi wa kambi ya nywele za asili tuna letu la kujibu. Kuna ile mizani ya aina za nywele, namba 1 za kunyooka mpaka 4 za kipilipili na herufi zake, iliyoanzishwa miaka ya 1990 na Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey. Kama kipimo cha kujua utie mafuta gani inasaidia. Ila angalia kwenye matangazo ya bidhaa za nywele za asili wanaosimamishwa mbele ni kina nani. Ni wenye mawimbi makubwa, yanayoning'inia, wa namba 3. Wa 4C, zile zinazojikunja kuliko zote, ambao ndo wengi wetu huku, tunawekwa pembeni au hatupo. Dada mmoja aliwahi kuniambia ningekuwa na nywele kama zako ningeacha dawa hata kesho, na za kwangu zimelegea kidogo tu kuliko zake. Nilinyamaza, nikajisikia vibaya, kwa sababu nilijua miaka yote nasifiwa kujiamini na sehemu ya hiyo sifa ilikuwa ya singa. Ni rahisi kujiamini na kitu ambacho watu wanakisifia. Yule mdogo wetu wa sendofu za kwake ni kipilipili haswa, na alikaa nazo masaa mawili mbele ya ukoo mzima kabla hajajifunga. Hayo masaa mawili ni makubwa kuliko miaka yangu 6.

Wanaume nao wanaguswa ila kwa njia nyingine, wao jibu lao ni kunyoa fupi na hakuna anayewauliza, mpaka afuge dredi ndo anaitwa mhuni na polisi wanamsimamisha wampekue bangi. Na dredi zenyewe zina heshima yake kwenye historia ya hapahapa kwetu Afrika Mashariki. Muthoni wa Kirima, yule mama wa Mau Mau, wapigania uhuru wa Kenya, aliyefikia cheo cha fildi masho, alikaa na dredi za msituni tangu miaka ya 1950 mpaka Aprili 2022 ziliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta. Miaka karibu 70. Zilikuwa ndefu mno. Sijui kama kuna mtu angethubutu kumuuliza kama hela ya saluni ilikosekana.

Kwahiyo mimi nasimama wapi? Wigi waacheni wanawake wavae, rasta wasuke, na hata dawa, mtu akishasoma hiyo habari ya kansa akaamua kutia ni mtu mzima. Ushuru na amri na kejeli za mitandaoni hazijawahi kumpa mtu ujasiri. Nguvu zote ningezielekeza kwenye miaka ile 11. Zipo shule zinazoruhusu wasichana wasuke mtindo mmoja kwa wote, twende kilioni za kawaida, hazina rasta wala shanga, wanasukana wenyewe Jumapili mchana. Usawa upo palepale, maana wote wanafanana. Usafi upo, wakiwekewa siku ya kuosha. Gharama ni chanuo na mafuta. Na anayetaka kunyoa anyoe, ila achague, na asiwepo hata mmoja wa kuambiwa za kwake hazisumbui. Ningetamani hata ile elimu ya kujitunza mwili iguse nywele, mbona meno tunafundishwa kupiga mswaki?

Mtoto wa dada yangu kamaliza fomu foo Novemba, yuko kwangu anasubiri matokeo. Alikuja na kipara, sasa zimefika kama nusu inchi ukizivuta, ukiziachia zinarudi zinalala kichwani kama hazipo. Wiki ya kwanza aliniomba hela ya dawa. Nikamwambia ntampa, sitaki nimnyime, ila anipe Jumapili 4 kwanza. Jumapili iliyopita ilikuwa ya 3. Namkalisha mkekani, nazilowesha, natia mafuta, natenganisha kwa vidole, yeye kashika kioo kidogo anajiangalia kama anamwangalia mgeni. Akaniuliza, "Mamdogo, mbona za hapa katikati zinajikunja kuliko za pembeni?" Nikamwambia hata zangu ziko hivyo, nimekuja kugundua nina miaka 31. Akanyamaza akawa anazivuta moja moja na kuziachia. Akifaulu akachaguliwa fomu faivu, Julai anaripoti, na kwenye ile karatasi ya maelekezo ya kujiunga wataandika nywele zinyolewe. Nimeshamwambia. Kasema basi tuzipige picha kila mwezi mpaka hapo.